Ukuta wa Nyuma

Stamatina alitupanga kwa uzito, si kwa undugu:
"Mzito tezi, mwepesi omo."
Hivyo dada yangu Kaliroi akapewa mbele,
nami nikapewa kisogo chake
cha kutazama kutwa.
Tangu Pasaka tulikuwa hatujasemezana
ila kwa kinywa cha wakili.

Kayaki ya watu wawili haina adabu.
Haijui nani kifungua mimba,
nani alimuuguza baba usiku na mchana,
nani alituma hela tu kutoka Patra.
Kafi lake likagonga kafi langu, ko,
mlio mkavu, wa vijiko mezani penye ugomvi.
"Mmoja ahesabu!" alipaza sauti Stamatina.
Akahesabu Kaliroi. Moja, mbili. Moja, mbili.
Ungedhani anahesabu madeni.

Magenge ya Mani hayamkaribishi mtu.
Yamesimama majini hadi kiunoni, rangi ya mfupa,
na juu kabisa mbuzi watatu
wasio na kamba wala haraka.
Maji yalikuwa maangavu, hata
nikakiona kivuli chetu kikitambaa juu ya mchanga:
kivuli kimoja, mikono minne.

Pangoni, daktari wa meno wa Larisa
aliita jina lake mwenyewe;
pango likamrudishia nusu.
Mwanawe, Fedonas, alicheka hadi kofia ikamtoka,
tukaifukuza sote, makafi juu, kama wendawazimu.

Mchana, juu ya kokoto: mkate, zeituni, sardini za kopo,
tikiti lililopozwa baharini ndani ya wavu.
Kaliroi alinikatia kipande bila kunitazama.
Alikuwa ameshatoa mbegu.
Nina miaka hamsini na mitatu.
Sikudhani yuko anayekumbuka.

Saa nane meltemi ikaamka
na bahari ikaota meno.
"Msitazame maji," alisema Stamatina.
"Tazameni kule juu, nyumba ile yenye ukuta mweupe.
Ukikaa sawasawa juu ya kuba la kanisa dogo, piteni.
Ukichomoza kushoto,
mwamba uko chini yenu."

Nyumba yenyewe ni yetu.

Ni ukuta wa nyuma, usioonekana kutoka barabarani,
ambao baba aliupaka chokaa kila mwaka
huku ule wa mbele, wa kupokelea wageni, ukibambuka.
Tulimcheka. Mama alisema akili zimeanza kumhama.
Alipanda ngazi ile na miaka yake themanini na moja,
ndoo mkononi,
wala hakueleza.

"Nani anaupaka?" aliuliza Fedonas.
"Mzee mmoja wa huko juu. Jina lake silijui.
Wavuvi wanamwita Taa.
Mwaka huu umefifia, sijui kapatwa na nini."

Kaliroi aliacha kuhesabu.
Wimbi likatupiga ubavuni, likatujaa mapajani.
La pili likatugeuza,
na ukuta ukaanza kuteleza, polepole, kushoto kwa kuba.

Nikahesabu mimi.
Moja. Mbili. Sauti ilitoka kavu.
Kisogo kikainama, kafi likazama,
moja, mbili,
ukuta ukarudi mahali pake, tukapita.
Kando yetu bahari ilijifunua kidogo,
ikaonyesha mgongo mweusi wa jiwe,
ikajifunika.

Ufukweni tuliipindua kayaki kuikausha.
Tezi na omo, marejeo ni ngamani:
maji yake na maji yangu
yalitoka tundu moja.

Mnunuzi anakuja kutia saini Alhamisi.
Upande wa bahari anataka kubomoa,
aweke dirisha la kioo, la ukuta mzima, apate mandhari.

Kaliroi alikuwa akikamua nywele.
"Gunia la chokaa siku hizi," aliuliza,
bado hanitazami,
"ni yuro ngapi?"

Sikujua.
Nikasema nitauliza.